Kiwanda kinapofungwa Marekani: Nani alistahiki msaada wa serikali?

MFANYAKAZI wa kiwanda aliyeachishwa kazi nchini Marekani hakupewa msaada huu kwa sababu ya umaskini wake, wala kwa wingi wa watoto aliokuwa akiwalisha. Swali la kwanza lilikuwa moja: ni nini kilichoiondoa kazi yake?

Ikiwa ni mashine mpya au usimamizi mbaya, hakupata kitu. Ikiwa ni bidhaa za kigeni, basi alihusika na mpango wa Msaada wa Kukabiliana na Athari za Biashara, ujulikanao kwa ufupi kama TAA.

Mpango huo ulianzishwa na sheria ya biashara ya mwaka 1962, enzi za Rais John F. Kennedy. Serikali ilikuwa ikipunguza ushuru wa forodha, na ilikiri kwamba wapo watakaoumia. Hata hivyo, masharti yalikuwa makali mno hata hakuna kundi la wafanyakazi lililokubaliwa hadi mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1974 ndiyo iliyoyalegeza.

Ombi halikuwa la mtu mmoja. Wafanyakazi watatu au zaidi, chama chao, mwajiri au maafisa wa ajira wa jimbo waliliwasilisha kwa Wizara ya Kazi mjini Washington, ambayo kisheria ilipewa siku 40 kuamua. Wizara ilichunguza iwapo mauzo au uzalishaji ulishuka, na iwapo bidhaa za nje zinazofanana na za kiwanda hicho zilichangia pakubwa. Idadi ya walioathiriwa nayo ilipimwa: watatu katika kikosi cha wafanyakazi wasiofika 50, au asilimia 5 katika kikosi kikubwa zaidi, ingawa 50 walitosha.

Hapa ndipo jina la Kenya linapoingia. Sheria ya mwaka 2002 ilikubali pia wafanyakazi ambao kampuni yao ilihamishia uzalishaji nje. Kama ulihamia nchi inayonufaika na mpango wa AGOA, Kenya ikiwemo, haikuhitajika kuthibitisha kwamba uagizaji uliongezeka. Kama ulihamia China, ilibidi ionyeshwe kwamba bidhaa hizo zimeongezeka au huenda zikaongezeka katika soko la Marekani. Kwa maneno mengine, cherehani zikihamia Athi River, mshonaji wa Marekani aliyeachwa nyuma alikuwa na njia nyepesi zaidi.

Kundi likiidhinishwa, kila mmoja alijiombea katika jimbo lake, na tarehe zilitawala kila kitu. Cheti kiliwahusu walioachishwa kazi kuanzia mwaka mmoja kabla ya ombi. Aliyetangulia kuondoka hata kwa wiki moja aliachwa nje, ijapokuwa kilichomtoa ni kile kile. Kwa posho ya kila wiki, ilimpasa awe amefanya kazi wiki 26 kati ya 52 za mwisho, awe amemaliza bima ya kawaida ya wasio na ajira, na awe amejiandikisha kwa mafunzo au kusamehewa sharti hilo.

Chini ya sheria ya mwaka 2015, mwenye umri wa miaka 50 au zaidi aliyekubali kazi ya mshahara mdogo aliweza kufidiwa nusu ya tofauti, isizidi dola 10,000 kwa miaka miwili.

Bunge la Congress halikuuongezea mpango huo muda, ukafikia kikomo Julai 1, 2022. Kuanzia siku hiyo wizara ilizuiwa kutoa uamuzi, hata kwa maombi yaliyokuwa tayari mezani. Waliokuwa wameidhinishwa na kupoteza kazi kabla yake waliendelea kuhudumiwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haiulizi kama kazi imechukuliwa na mitumba au na mashine. Anayeondolewa kwa sababu nafasi yake haihitajiki tena hulipwa na mwajiri angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mafunzo ya kazi nyingine hayamo katika hesabu hiyo.