Kabla ya Kwenda Bangkok: Waislamu wa Kando ya Mfereji



Jirani yangu mmoja anajitayarisha kumpeleka mama yake Bangkok kwa matibabu, na kwa kuwa skuli zitakuwa zimefungwa, ameamua kuwachukua na watoto. Alikuja kuniuliza mambo matatu. Kwanza chakula, pili mahali pa kuswali, na la tatu akaliuliza kwa sauti ya chini kidogo: "Hivi huko kuna Waislamu wenyewe, au ni wageni wa kupita tu?" La chakula na la swala nilimjibu papo hapo. La tatu nilimwomba anisubiri, maana jibu lake ni la miaka mia nne, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Watu wetu wengi wanaijua Bangkok kwa mambo mawili, hospitali na nguo. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh akirudi na marobota kutoka soko la Pratunam, ukimuuliza ameona nini atakwambia foleni za magari na joto. Hana makosa, alikwenda kutafuta riziki. Lakini pale Pratunam aliponunua mzigo wake, nyuma ya maduka kuna mfereji, na ukiufuata mfereji huo kuelekea magharibi kwa muda mfupi tu unafika kwenye mtaa wa Waislamu ambao wapo hapo tangu mji wenyewe ulipokuwa mchanga.

Tuanze mbele zaidi. Bangkok haikuwa mji mkuu wa mwanzo. Mji mkuu wa Siam, kama Thailand ilivyokuwa ikiitwa, ulikuwa Ayutthaya, juu kidogo ya mto Chao Phraya, na katika karne ya 17 ulikuwa mji wa biashara ambamo Waajemi, Waarabu, Wahindi, Wamalay na Wareno walikuwa na mitaa yao. Mwanzoni mwa karne hiyo alifika mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, aitwaye Sheikh Ahmad. Mfalme akamwamini, akampa kazi ya kusimamia biashara ya wageni na mambo ya Waislamu, na ndipo kilipoanza cheo cha Chularajmontri, ambacho mpaka leo ndicho cheo cha juu kabisa cha kiongozi wa Waislamu Thailand. Sheikh Ahmad na wazao wake walikuwa Mashia, na cheo kile kilibaki katika nyumba yao mpaka mwaka 1945, ambapo serikali ilitoa amri mpya kuhusu mambo ya Waislamu na akateuliwa Msunni wa kwanza, Cham Promyong.

Kisa cha nyumba hii mzazi akisome mara mbili. Katika karne ya 18, enzi ya Mfalme Borommakot, mmoja wa wazao wa Sheikh Ahmad aliyekuwa mkubwa serikalini aliuacha Uislamu akawa Mbudha. Tangu hapo ukoo ukawa na matawi mawili. Tawi moja likaendelea kutoa Machularajmontri. La pili likapanda ngazi ya dunia mpaka juu kabisa: ndio ukoo wa Bunnag, na mmoja wao, Chuang Bunnag, aliishika nchi kwa niaba ya mfalme kijana Rama wa Tano kuanzia 1868 hadi 1873. Babu mmoja, wajukuu njia mbili. Hakuna aliyewalazimisha kwa upanga. Ilikuwa ni cheo, na ukaribu na jumba la mfalme.

Ayutthaya ilivunjwa na jeshi la Burma mwaka 1767. Waliosalia wakateremka mto, na mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza akaufanya mji mkuu wake ng'ambo ya mashariki ya mto, hapo ilipo Bangkok. Waislamu walikuwamo katika safari hiyo. Upande wa Thonburi, ng'ambo ya magharibi, kuna Msikiti wa Ton Son, ambao huhesabiwa kuwa wa kale kuliko yote katika mji huo na asili yake ni zama za Ayutthaya. Karibu nao upo wa Bang Luang, uliojengwa na Waislamu kwa umbo la kienyeji kabisa. Ukiutazama kwa nje, paa na kuta zake nyeupe, unaweza kupita ukadhani ni hekalu. Ingieni ndani muone mihrabu.

Sasa turudi kwenye ule mfereji. Unaitwa Saen Saep, na ulichimbwa kati ya 1837 na 1840, enzi ya Rama wa Tatu, ili kupitisha askari na silaha katika vita vya kugombea Kambodia. Lakini kipande chake cha upande wa mjini kinapita katika mtaa uliokuwapo kabla yake, mtaa wa Ban Khrua. Wakazi wake wa asili ni Wacham. Hawa ni watu wa dola ya Champa, iliyokuwa katika pwani ambayo leo ni Vietnam. Mji wao mkuu wa Vijaya ulipotekwa mwaka 1471, wengi walikimbilia Kambodia, na Uislamu ukaenea miongoni mwao. Baadhi yao wakaingia Siam, na Waburma walipoivamia Siam mwaka 1785 kwa vita vinavyoitwa vya Majeshi Tisa, Wacham walipigana upande wa Rama wa Kwanza. Malipo yao yalikuwa ardhi hii. Kwa hivyo ukiuliza kama Waislamu wa hapo ni wageni, jibu ni kwamba ardhi yao waliipata kwa damu, miaka mitatu tu baada ya mji kuwa mji mkuu.

Kazi ya Wacham ilikuwa kufuma hariri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kazi hiyo ilikuwa inakufa, maana nguo za viwandani ni rahisi. Hapo akaja Mmarekani, Jim Thompson, aliyekuwa ofisa wa ujasusi wakati wa vita. Aliwakuta wafumi wa Ban Khrua, akachukua vitambaa vyao kwenda kuviuza Marekani, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni. Hariri ya Thailand ikajulikana dunia nzima. Akajijengea nyumba ya mbao, iliyokamilika 1959, kwenye ukingo wa mfereji akitazamana na wafumi wake, na alikuwa akivuka kwenda kuzikagua kazi zao. Tarehe 26 Machi 1967 alitoka kutembea katika milima ya Cameron, Malaysia, hakuonekana tena mpaka leo. Kampuni baadaye ikahamishia ufumaji wake kwingine. Nyumba ya tajiri sasa ni makumbusho yenye kiingilio na msururu wa watalii, na wafumi ng'ambo ya pili wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Kila nikikisoma kisa hiki nawakumbuka wafumi wetu wa vikoi.

Lakini mtihani mkubwa wa Ban Khrua haukuwa huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipanga kupitisha barabara ya juu katikati ya mtaa. Nyumba zingevunjwa, watu wangetawanywa, na jamaa ambayo imeswali pamoja kwa miaka mia mbili ingekwisha. Mahali pengi pa dunia hadithi ingeishia hapo, watu wakalipwa kidogo wakahama. Wa Ban Khrua walikataa. Hawakushika silaha. Walikusanyika msikitini, wakaandika, wakaandamana mpaka mbele ya ofisi za serikali, wakakaa zamu usiku kulinda nyumba zao, na wakasisitiza jambo moja kubwa: onyesheni kwa hesabu faida ya barabara hii kwa umma. Mwaka 1993 kukafanyika kikao cha hadhara, na kamati iliyosikiliza pande zote mbili ikaona kwamba barabara haikustahili gharama yake. Mvutano uliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, lakini barabara haikujengwa. Mtaa upo. Ukipita pale alasiri utasikia watoto wanasoma.

Si kila Muislamu aliingia Bangkok kama askari wa mfalme au mfanyabiashara wa mfalme. Mwaka 1786 jeshi la Siam liliuteka usultani wa Patani, uliokuwa kusini, na mateka wakaletwa mji mkuu. Waliokuwa masonara waliwekwa karibu na jumba la kifalme, na kizazi chao ndicho cha mtaa wa Msikiti wa Chakrabongse, hatua chache kutoka mtaa wa Khao San ambako vijana wa Kizungu hukesha. Wengine, hasa baada ya maasi ya miaka ya 1830, waliwekwa mashariki, kwenye mashamba ya mpunga ya Minburi na Nong Chok, ambako mpaka leo misikiti ni mingi kandokando ya Saen Saep. Wenyeji wa huko husimulia kwamba babu zao walishika majembe katika kuuchimba mfereji. Kumbukumbu za serikali zinawataja zaidi vibarua wa Kichina. Jina Saen Saep lenyewe watu hulifasiri kuwa ni miumo laki moja, kwa mbu waliokuwapo. Wachimbaji, wawe nani, hawakulala.

Mkienda kuliona jumba la kifalme, basi mbele ya Wizara ya Ulinzi, upande wa pili wa barabara, kuna mizinga ya kale imepangwa. Mmoja ni mrefu kuliko yote, unaitwa Phaya Tani. Ni mzinga wa Patani, uliochukuliwa katika vita vile. Watalii hupiga nao picha. Kwa watu wa Patani si picha: mwaka 2013 ulipowekwa mfano wake mbele ya msikiti wa kale wa Krue Se huko kusini, haukukaa, ulilipuliwa. Machafuko ya kusini yaliyoanza upya Januari 2004 yameua zaidi ya watu 7,000, Waislamu na Wabudha. Tarehe 25 Oktoba 2004, mwezi wa Ramadhani, watu 85 walikufa Tak Bai, wengi wao kwa kukosa pumzi baada ya kulazwa kwa kupandanishwa ndani ya malori ya jeshi. Muda wa kisheria wa kesi hiyo ulimalizika 25 Oktoba 2024 bila mshitakiwa hata mmoja kusimama kizimbani. Bangkok ni mbali na huko na familia yako haitakutana na vita. Ila usimwambie mtoto kwamba mzinga ule ni pambo.

Kwa sisi wa pwani kuna msikiti mmoja utakaotugusa zaidi. Ni wa Haroon, karibu na mto, nyuma ya jengo la forodha ya zamani na jirani na ubalozi wa Ufaransa. Ulianzishwa 1828 na mfanyabiashara Mwarabu aliyetokea visiwa vya Indonesia, wa ukoo wa Bafadel, na ukaitwa jina la mwanawe. Msomaji wa Lamu au Mombasa akisikia jina hilo anajua ni watu wa wapi. Ni Hadhramaut ile ile iliyotuletea mashekhe wetu, wengine walipanda jahazi kuja huku, wengine kwenda kule. Karibu na hapo ni Silom na Mahesak, mtaa wa wauza vito. Yakuti zilizochimbwa Tunduru, Tanzania, katikati ya miaka ya 1990 zilinunuliwa kwa wingi na Wathai na kwenda kukatwa huko. Tahadhari hata hivyo: dereva wa bajaji akikwambia leo jumba la mfalme limefungwa, twende dukani kwa vito vya bei nafuu, shuka.

Ama kuhusu mambo ya safari, nitayataja kwa haraka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka nchi zetu, na chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla. Uwanja wa Suvarnabhumi pitieni kwanza kwenye meza ya afya, ndipo uhamiaji, la sivyo mtarudishwa nyuma baada ya foleni ndefu. Tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuingilia kwa intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Habari za viza ulizeni ubalozi wa Thailand Nairobi, hubadilika. Saa zao zimetutangulia kwa nne. Kibla ni magharibi, kimeelemea kaskazini kidogo, na watoto waliozoea kuelekea kaskazini itabidi wakumbushwe kila chumba.

Chakula, tafuteni alama ya halali yenye umbo la almasi, inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Msitosheke na muuzaji kusema hakuna nguruwe, maana supu huenda imechemshiwa mifupa yake. Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kina kituo cha sayansi ya halali, kilichoanzishwa na Winai Dahlan, mjukuu wa Ahmad Dahlan aliyeasisi Muhammadiyah kule Java mwaka 1912. Mitaa ya Waislamu itakupa khao mok, wali wa manjano na kuku, ambao mama yeyote wa Kiswahili ataukagua na kusema ni biriani iliyopungukiwa viungo. Mchuzi wa massaman, unaosifika mahoteli makubwa, jina lake ni "Muislamu" lililopotoka. Na karibu na hospitali nyingi za wageni, mtaa wa Nana, mikahawa ya Kiarabu ipo mlango kwa mlango.

Kwenda Ban Khrua pandeni boti ya mferejini. Inakwenda kasi, maji ni machafu, hivyo watoto wakae katikati na pazia la plastiki livutwe. Shukeni kituo cha Hua Chang. Watalii karibu wote watageukia kusini kwenye nyumba ya Thompson. Wacham wako ukingo wa kaskazini, kwenye vichochoro vyembamba, na kuna nyumba ambamo bado hariri inafumwa kwa mkono. Jirani yangu nimempa haya yote kwa maandishi. Mama yake, aliyekuwa kimya muda wote tunazungumza, alisema miguu ikimruhusu atavuka mwenyewe akakione hicho kitanda cha mfumi, na kwamba mzigo wa Pratunam utasubiri.