Geji ya joto la injini

Geji ya joto la injini (katika lugha ya gereji: geji ya temperecha) ni kifaa cha kwenye dashibodi ya gari kinachomwonyesha dereva kiwango cha joto la maji yanayopoza injini. Kwa kawaida huwa na mshale unaotembea kati ya herufi C, yaani baridi, na herufi H, yaani moto. Alama yake ni picha ya kipimajoto kilichosimama juu ya mawimbi ya maji. Katika baadhi ya magari madogo kutoka Japani, yakiwemo matoleo kadhaa ya Toyota Vitz na Toyota Passo, mshale haupo. Badala yake kuna taa ya buluu inayowaka injini ikiwa bado baridi na taa nyekundu inayowaka joto likizidi.

Geji hii haipimi joto la chuma cha injini. Hupima joto la kimiminika mahali pamoja tu, pale sensa yake ilipofungwa. Kwa sababu hiyo injini inaweza kuungua ilhali mshale haujafika kwenye eneo jekundu, hasa maji yakiwa yamepungua sana. Kusoma geji na kukagua maji ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Jinsi injini inavyopozwa

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nishati yake hugeuka kuwa mwendo. Takriban theluthi moja hutoka na moshi, na karibu kiasi hichohicho huingia kwenye kuta za silinda na lazima kiondolewe. Kazi hiyo hufanywa na maji yanayozungushwa na pampu kupitia njia zilizomo ndani ya bloku na silinda hedi, kisha kwenye rejeta, ambako hewa huyapoza. Gari likienda kasi, upepo wa mwendo hutosha. Gari likisimama au likienda polepole, feni ndiyo huvuta hewa.

Kati ya injini na rejeta kuna themostati, ambayo ni mlango mdogo unaofunguka wenyewe kwa joto. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya 80 °C na 90 °C. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu, ili ipate joto upesi.

Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa 100 °C, na kiwango hicho hupungua kwa takriban 1 °C kila mita 300 za mwinuko. Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke usitoke na kuongeza shinikizo ndani ya mfumo, hivyo maji yanaweza kufika karibu 120 °C bila kuchemka. Mfuniko ukilegea mpira wake, faida hiyo hupotea: maji huchemka mapema na kumwagika.

Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa hewa moja kwa moja, na kwa sababu hiyo hazina rejeta wala geji ya aina hii.

Historia

Magari ya kwanza hayakuwa na geji. Dereva alitambua kuwa injini imechemsha kwa kuona mvuke. Harrison H. Boyce wa Marekani alipata hataza ya kipimajoto kilichofungwa juu ya mfuniko wa rejeta, mbele ya boneti, ambacho dereva alikisoma akiwa kwenye kiti chake. Kiliuzwa kwa jina la Boyce MotoMeter. Kilipima joto la mvuke uliokuwa juu ya maji. Baadaye geji ilihamishiwa kwenye dashibodi, kwanza kwa mrija mwembamba uliojazwa kimiminika kinachotanuka, halafu kwa umeme.

Utendaji wa geji

Sensa ya kisasa ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Katika magari ya zamani sensa huunganishwa na mshale moja kwa moja kwa waya mmoja. Waya huo ukikatika, mshale hulala kwenye C. Ukigusa bodi ya gari, mshale huruka hadi H hata kama injini ni baridi. Hivyo mshale unaopanda hadi mwisho mara tu swichi inapofunguliwa, asubuhi, kwa kawaida huonyesha hitilafu ya umeme na si joto.

Katika magari mengi mapya sensa hupeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo huamua mshale usimame wapi. Watengenezaji wengi huufanya mshale utulie katikati kwa muda wote joto linapokuwa katika kiwango kinachokubalika, ili dereva asihangaishwe na mabadiliko madogo. Matokeo yake ni kwamba joto linaweza kupanda kwa nyuzi kumi au zaidi bila mshale kutikisika. Ukianza kusogea juu ya kawaida yake, tatizo huwa limeshakua. Anayetaka kujua nyuzi halisi hutumia kifaa cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye tundu la kompyuta, ambalo katika magari mengi liko chini ya usukani.

Kusoma mshale

Kila gari lina mahali pake pa kawaida. Katika mengi mahali hapo ni katikati au chini kidogo ya katikati, na mshale hufika hapo baada ya dakika chache za mwendo. Dereva anapaswa kupajua mahali hapo kwa gari lake, kwa sababu badiliko lina maana kuliko namba.

Mshale unaobaki chini safari nzima: themostati imekwama ikiwa wazi au imetolewa, au sensa ina hitilafu.

Mshale unaopanda gari likiwa kwenye foleni na kushuka likianza kwenda: feni haifanyi kazi ipasavyo, au fyuzi au rilei yake imekufa.

Mshale unaopanda kwenye mwendo wa kasi au mlimani na kushuka gari likipumzika: rejeta imeziba ndani au nje, maji hayazunguki ya kutosha, au mzigo umezidi.

Mshale unaopanda ghafla ndani ya dakika moja au mbili: mkanda wa pampu umekatika, mpira wa maji umepasuka, au themostati imekwama ikiwa imefungwa.

Mshale unaopanda na kushuka ovyo: maji yamepungua na hewa imeingia kwenye mfumo.

Mshale unaoshuka ghafla wakati injini inapoteza nguvu: hii ndiyo hali ya hatari zaidi. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki kwenye hewa badala ya maji, na mshale unaweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua.

Ukaguzi injini ikiwa baridi

Ukaguzi wa msingi hufanywa asubuhi kabla ya kuwasha injini. Chupa ya akiba ina alama mbili, ya chini na ya juu, na maji yanapaswa kuwa kati yake. Hata hivyo chupa inaweza kuwa na maji wakati rejeta ni tupu, kwa sababu mfuniko uliochoka hushindwa kuyavuta maji kurudi. Kwa gari lenye mfuniko kwenye rejeta yenyewe, mfuniko ufunguliwe injini ikiwa baridi kabisa na maji yaonekane hadi mdomoni.

Baada ya hapo huangaliwa mambo haya:

Mipira ya maji: isiwe imevimba, imepasuka au imelainika kwenye maungio.

Mkanda: usiwe na nyufa wala kulegea.

Pampu: alama nyeupe au ya rangi iliyokauka chini yake ni dalili ya kuvuja.

Uso wa rejeta: majani, wadudu na vumbi huziba njia ya hewa. Husafishwa kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwani kasi kubwa hupinda mapezi yake membamba.

Oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia ndani yake. Katika gari la gia otomatiki, oili ya gia huweza pia kuchanganyika na maji ndani ya rejeta.

Ukaguzi injini ikiwa inaunguruma

Injini huachwa iungurume gari likiwa limesimama hadi mshale ufike mahali pa kawaida. Mpira wa juu wa rejeta unapaswa kupata joto baada ya themostati kufunguka, na muda mfupi baadaye feni ya umeme inapaswa kuwaka yenyewe. Mpira wa juu ukiwa moto sana na wa chini ukabaki baridi, themostati au rejeta ndiyo ya kushukiwa.

Gasketi ya silinda hedi iliyoungua huwa na dalili zake: maji hupungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe hutoka mfululizo hata injini ikiwa moto, mipira hujaa shinikizo muda mfupi baada ya kuwasha, na mapovu huonekana kwenye maji. Silinda hedi nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, ambayo hupinda kwa joto kali. Kubadilisha gasketi bila kuipima silinda hedi, na kuisawazisha kwa mashine ikiwa imepinda, huleta tatizo lilelile baada ya muda mfupi.

Gari likichemsha njiani

Mshale ukianza tu kupanda juu ya kawaida, kiyoyozi huzimwa na hita hufunguliwa hadi mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayopunguza joto la injini. Mwendo hupunguzwa. Mshale ukifika eneo jekundu, taa nyekundu ikiwaka au mvuke ukionekana, gari husimamishwa mahali salama na injini huzimwa mara moja. Kuendelea "mpaka kijiji kinachofuata" huweza kugeuza tatizo la mpira mmoja wa maji kuwa la injini nzima.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto. Shinikizo likiondoka ghafla, maji yaliyozidi 100 °C huchemka yote kwa pamoja na kuruka usoni na kifuani mwa anayefungua. Kitambaa mkononi hakitoshi kumkinga. Injini huachwa ipoe kwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa na kubonyezwa bila shida. Hapo mfuniko hufunguliwa polepole, hatua ya kwanza ili hewa itoke, kisha wote. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini iliyo moto wala kujazwa kwa ghafla, kwa kuwa chuma huweza kupasuka.

Mazingira ya pwani ya Mtwara

Mfumo wa kupoza hupata majaribu tofauti kulingana na mahali. Gari linalozunguka ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kwa mfano katika kata ya Chikongola, huenda safari fupi kwa mwendo mdogo, kwenye usawa wa bahari na katika hewa inayozidi 30 °C miezi ya joto. Hapo feni ndiyo hubeba kazi kubwa, na feni iliyokufa hugundulika mapema. Gari hilohilo likipanda uwanda wa Makonde kupitia Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, au likienda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550, hujaribiwa rejeta na pampu. Gari lisilo na shida mjini linaweza kuchemsha mlimani. Malori ya korosho, ambayo msimu wake huanza karibu na Oktoba, hukutana na mzigo mzito, vumbi na joto kwa wakati mmoja.

Jambo jingine ni maji yenyewe. Visima vingi vya pwani hutoa maji yenye chumvi au chokaa. Chumvi hula aluminiamu na chuma, na chokaa huganda ndani ya mirija ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Maji ya bahari hayafai kabisa. Yakilazimika kutumiwa maji ya kisima ili kufika gereji, mfumo humwagwa na kusafishwa baadaye.

Kinachofaa ni kulanti, yaani mchanganyiko wa maji safi na glikoli pamoja na dawa za kuzuia kutu. Hata katika nchi isiyo na barafu kulanti ina kazi, kwa sababu huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Rangi yake, iwe kijani, nyekundu au ya waridi, haitoshi kuthibitisha aina, na aina tofauti hazichanganywi bila kusoma maelekezo. Glikoli aina ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu, hivyo huwekwa mbali na watoto na wanyama, na haihifadhiwi katika chupa za maji ya kunywa.

Kutoa themostati

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki themostati hutolewa gari linapochemsha, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na haihitajiki. Kuitoa iliyokwama ikiwa imefungwa kunaweza kuliwezesha gari kufika nyumbani, lakini si matengenezo. Bila themostati injini huchelewa kupata joto, hutumia mafuta zaidi na huchakaa haraka. Geji nayo hupoteza maana yake: mshale haukai tena mahali pamoja, hupanda na kushuka kufuatana na mwendo na upepo, na dereva hukosa ile kawaida ambayo angeitumia kutambua tatizo la kweli.