Majarida Yaliyolipwa kwa Vipepeo

Kuna njia mbili za kujaza maktaba: ununue, ama ubadilishane. Majarida ya zamani ya sayansi yaliyo kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mengi yalikuja kwa njia ya pili.

Mwaka 1909 maafisa wa kikoloni, wamishonari na walowezi waliunda chama cha kuchunguza viumbe na mazingira ya Afrika Mashariki. Leo tunakiita Nature Kenya. Mwaka 1910 wakaanza kuchapisha jarida lao, na hilo likawa kama pesa: nakala zilitumwa kwa vyama vya ng'ambo, navyo vikatuma yao. Rafu zikajaa. Hadi leo maktaba hiyo ni ya chama na makumbusho kwa pamoja.

Sasa jiulize, hiyo pesa ilitengenezwa na nini? Si ndege, vipepeo, nyoka na mawe ya huku kwetu!

Sisi wa Kegonga hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Mwaka 1911 Felix Oswald alikuja kuchimba mifupa ya kale Karungu, hapa hapa Migori, kando ya ziwa. Mifupa ikaenda London. Mwaka 1914 makala yake ikatoka kwenye jarida la wanajiolojia huko huko. Juu ya makala kuna jina la Oswald, si la waliombebea mizigo.

Kwa hivyo ukiingia maktaba hiyo, shika karatasi polepole, ni kuukuu. Lakini usiingie kama mgeni. Bei ilishalipwa, na ilitoka kwetu.