Mwongozo, Ufafanuzi na Kiada: Njia Tatu za Kujifunza Unix

Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo endeshi wa Unix. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, maelezo mafupi na, ilipobidi, kasoro zake zikitajwa waziwazi. Hadi leo anayeandika amri man ls hupata ukurasa wa umbo hilohilo. Mwongozo huo humheshimu msomaji kama mwenzi wa kazi anayejua anachotafuta. Humjibu upesi, lakini haumshiki mkono.

Sydney, Australia, John Lions alishika njia nyingine. Mwaka 1977 wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha New South Wales walisoma vijitabu viwili alivyowaandalia. Kimoja kilikuwa na msimbo wa kiini cha Unix toleo la sita, mistari takriban 9,000 yenye namba. Cha pili kilikuwa ufafanuzi wake, wa kusomwa sambamba. Bell walieleza amri inafanya nini. Lions alieleza mfumo unawezaje kuifanya.

Leseni ya toleo la saba la Unix, mwaka 1979, ilikataza msimbo kufundishwa darasani. Vijitabu vya Lions vikaenea kwa fotokopi, mkono kwa mkono, hadi vilipochapwa rasmi mwaka 1996. Huko Amsterdam, Andrew Tanenbaum alilijibu katazo hilo kwa kuandika mfumo wake mdogo, MINIX, na kuutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu cha kiada. Lions alifafanua mfumo uliojengwa kwa ajili ya kazi; Tanenbaum alijenga mfumo ili ufundishike. Linus Torvalds alikisoma kitabu hicho Helsinki kabla ya kuanzisha Linux mwaka 1991.

Njia hizi hazishindani, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake. Anayetaka kazi ya leo iishe aanze na ukurasa wa man uliomo kwenye mashine yake mwenyewe, maana mifumo ndugu hutofautiana: sed -i ya Linux hukubali kusimama peke yake, ilhali ya FreeBSD hudai kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni kitupu. Anayetaka kuona mfumo mzima ukisimama hatua kwa hatua ashike kiada. Na anayesumbuliwa na swali la “kwa nini?”, afungue msimbo wenyewe akiwa na mfafanuzi pembeni. Nyenzo bora basi haichaguliwi kwa sifa zake pekee. Mwanafunzi apime kwanza swali alilo nalo.