Mto Wami: Samaki wa Msimu na Safari za Mashua za Saadani

Safari za mto za Saadani ni matembezi ya mashua yanayofanyika kwa uongozi katika sehemu ya chini ya Mto Wami, pale unapopita mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo na mkabala wa kisiwa cha Unguja. Saadani ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya kuunganishwa na eneo lililokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,100, na kijiji cha wavuvi chenye jina hilohilo kimebaki kwenye ufuko wake. Kwa sababu hiyo safari za mto haziwezi kuelezwa vyema bila kueleza pia uvuvi wa msimu wa kambamiti, uduvi na samaki wa mlangoni mwa mto, kwani mgeni aliye na darubini na mvuvi aliye na wavu wote wanategemea maji yaleyale yanayoshuka kutoka milimani, ingawa kila mmoja anayahitaji katika miezi tofauti ya mwaka.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, safari ya kuongozwa mtoni humaanisha aghalabu kumfuata samoni, samaki anayezaliwa kwenye maji baridi ya mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi kuupanda mto ili kutaga. Afrika Mashariki haina samoni wa asili. Jamaa yake wa karibu aliyefika huku ni trauti, ambaye Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, alimleta kutoka Scotland na kumwachia katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya mwaka 1905, na ambaye huishi tu katika vijito vya baridi vya milimani. Mito ya pwani ina joto jingi mno kwake. Hata hivyo mwendo wa samoni, yaani kuhama kati ya chumvi na maji baridi kwa kufuata majira, si mgeni Saadani, ila unaendeshwa na viumbe wengine na mara nyingi kwa njia iliyogeuzwa.

Wami hukusanya maji ya milima ya Ukaguru, Rubeho na Nguru, pamoja na yale ya nyanda kavu za upande wa Dodoma yanayoshuka kwa Mto Kinyasungwe, na katika sehemu za juu karibu na Kilosa hujulikana kwa jina la Mkondoa. Njiani mto na vijito vyake hunywesha mashamba, yakiwemo ya miwa ya Mtibwa, kabla ya kupita chini ya daraja la barabara kuu ya Chalinze na Segera na kuingia katika tambarare ya pwani, ambako huanza kujipindapinda. Mizingo hiyo iliwahi kuwakatisha tamaa watu wenye nia kubwa: mwaka 1876 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, Alexander Mackay akiwa miongoni mwao, waliupanda Wami kwa boti ndogo ya mvuke iliyoitwa Daisy, wakitumaini kupata njia ya maji ya kuelekea bara, wakaona kwamba mto hauwafikishi popote na hatimaye misafara ikaendelea kutembea kwa miguu kutoka Saadani. Ubaya huohuo wa mto kwa mabaharia ndio uzuri wake kwa samaki, kwa kuwa maji yanayokwenda polepole hutua tope lake mlangoni, na juu ya tope hilo ndipo mikoko huota.

Kiumbe mkuu wa msimu katika tope hilo ni kambamiti, jina linalotumika katika uvuvi rasmi kwa kamba wakubwa wa baharini, hasa kamba mweupe (Penaeus indicus), akifuatwa na kamba mkubwa mwenye mistari (Penaeus monodon). Jike hutaga baharini, na mayai yake, ambayo huhesabiwa kwa laki, huanguliwa kuwa viluwiluwi vinavyobebwa na mikondo. Baada ya wiki mbili au tatu hivi wale waliosalimika huingia na maji kujaa katika vijito vya mikoko wakiwa wadogo kuliko ukucha. Humo hujificha kati ya mizizi ya mkoko na vipumulio vya mchu, wakila mabaki ya majani na vijidudu vya topeni, na huko ndiko wanakokua kwa muda wa miezi michache. Masika yanapoanza, kwa kawaida mwezi Machi, Wami huvimba, chumvi hupungua vijitoni na kamba wachanga husukumwa kutoka kuelekea bahari yenye maji ya matope mbele ya mlango wa mto. Hapo ndipo wavuvi huwangoja. Kwa hiyo samoni huupanda mto akiwa mkubwa ili azae, naye kambamiti huukimbia akiwa mchanga ili akazae. Lakini wote wawili huhamishwa na mto uliojaa, na mwaka wa mvua haba ni mwaka wa mavuno haba.

Kamba wa mtoni wa jenasi ya Macrobrachium, ambao watu huwachanganya na kambamiti ingawa miguu yao mirefu yenye magando huwatofautisha upesi, wana mwendo wao wa tatu: huishi katika maji baridi, lakini majike hushuka hadi kwenye maji ya chumvichumvi ili mayai yaanguliwe, kisha watoto huupanda mto kwa kutambaa kandokando ya kingo. Mkunga wa maji baridi naye, tofauti na ndugu zake wa kwenye matumbawe, huishi miaka mingi mtoni na kwenda kutaga mbali katika Bahari ya Hindi mara moja tu maishani, asirudi. Wengine hawasafiri mbali kiasi hicho. Mkizi na mwatiko huingia na kutoka na maji, hongwe hukaa kwenye tope la mlangoni, na kambare na perege hubaki juu zaidi, mahali ambapo chumvi haifiki.

Kalenda ya wavuvi wa Saadani haihesabiwi kwa miezi peke yake bali kwa upepo na mwezi wa angani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu na Machi, kisha huja masika na kusi ambayo huichafua bahari. Katikati ya pepo hizo kuna kipindi cha maleleji, upepo ukiwa hauna mwelekeo. Ndani ya kila mwezi kuna bamvua mbili, wakati mwezi ni mchanga na wakati ni mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4, na maji mafu baina yake, ambapo bahari husogea kidogo tu na kamba hawatembei sana. Vyombo ni mitumbwi, ngalawa na mashua. Zana ni nyavu za kutega, kimia cha kurusha kwa mkono na mshipi wenye ndoana.

Uvuvi wa uduvi, kamba wadogo sana wasiozidi urefu wa kifundo cha kidole, kwa desturi ya pwani ni kazi ya wanawake. Hutandaza kitambaa au chandarua kipana, wawili wakishika pembe za mbele na wengine wakiyatibua maji ya kiunoni kuelekea kwenye nguo, kisha huinua pembe zote kwa pamoja ili maji yachuje na kubakiza tope la waridi linalorukaruka. Uduvi hauvumilii kungoja: huanikwa juani siku hiyohiyo juu ya mikeka au mchanga mkavu, nao ukikauka hupungua uzito kiasi kwamba ndoo nzima ya asubuhi hubebwa jioni katika kifuko. Ukipikwa kwa tui la nazi huenda na ugali au wali, na pengine hakuna kitoweo cha pwani kilicho cha bei nafuu na chenye harufu ya kung'ang'ania nguo kama hicho.

Safari ya mashua yenyewe huongozwa na elimu ileile ya upepo, mwezi na maji. Nahodha hulazimika kuijua saa ya maji kujaa kabla ya kupanga saa ya kuondoka, kwa sababu mafungu ya mchanga mlangoni huhama baada ya kila mafuriko, na njia iliyopitika mwaka jana huenda leo ni kavu. Kwa kawaida injini hupunguzwa, na karibu na kundi la viboko huzimwa, chombo kikaachwa kichukuliwe na mkondo au kisogezwe kwa pondo, huku mwongozaji akiangalia mapovu, kwani kiboko aliyezama huonekana kwanza kwa pumzi yake. Mamba huota jua kwenye kingo za tope maji yakipwa. Mdiria hukaa juu ya tawi moja kwa muda mrefu na kutumbukia ghafla, na mwongozaji mzoefu humtumia kama mvuvi amtumiavyo, maana mahali anapopiga mbizi mara kwa mara pana vidagaa. Kadiri mashua inavyopanda, mikoko huachia nafasi mikindu na migunga, na badiliko hilo ni kipimo cha macho cha mahali chumvi inapoishia.

Swali ambalo wageni waliozoea mito ya samoni huuliza ni kwa nini hawapewi ndoana. Sheria za hifadhi za taifa za Tanzania hukataza kuvua ndani ya hifadhi bila kibali, na mahali palipopata sifa kwa uvuvi wa burudani wa kibali ni Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria, ambako samaki anayetafutwa ni sangara. Kwa mito, safari za kuongozwa zilizo karibu zaidi na mfano wa kaskazini ni zile za Mnyera na Ruhudji, katika bonde la Kilombero, ambako wavuvi kutoka nje hurusha chambo bandia cha manyoya kumtafuta Hydrocynus tanzaniae, samaki mwenye meno yaliyochongoka na nguvu ya kukata uzi, ambaye mara nyingi hurudishwa majini akiwa hai. Samaki huyo yumo pia katika Mto Ruvu, ambao mlango wake uko jirani na mji wa Bagamoyo.

Ugomvi mkubwa wa pwani hii haukuwa wa ndoana bali wa meli. Kambamiti walivuliwa kwa miaka mingi na meli zinazokokota nyavu chini ya bahari, na eneo la Bagamoyo na Saadani lilikuwa mojawapo ya kanda tatu zilizotengwa kwa kazi hiyo, nyingine zikiwa upande wa Kisiju na Rufiji hadi Kilwa. Meli hizo zilifanya kazi katika maji haya ya kina kifupi yenye matope ambamo wavuvi wadogo nao hutega, zikaharibu nyavu zao na kutupa samaki wengi walionaswa bila kukusudiwa, hadi serikali ilipousimamisha uvuvi huo mwishoni mwa mwaka 2007 kutokana na kupungua kwa kamba. Mlango wa mto ulio salama dhidi ya meli, hata hivyo, bado una tishio linaloanzia juu: maji yanayochukuliwa mashambani wakati wa kiangazi huiruhusu chumvi kupanda mtoni, na usimamizi wa maji hayo uko mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iliyoko Morogoro, mbali na harufu ya uduvi.

Wageni wengi hufika Saadani kuanzia Juni, ardhi ikiwa imekauka na wanyama wakisogelea maji, kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare hii hunasa magurudumu mvua zinapoanza. Mashua za watalii basi hupanda Wami uliopungua na kutulia, wakati kambamiti wa mwaka huo wamekwisha kutoka. Na Aprili, mto unapofurika na nyavu kujaa, njia za magari huwa tope.