Santuri Nne za King Crimson: Ipi Ifuate ya Kwanza?

Wanaozipanga kwa ubora santuri za mwanzo za King Crimson, bendi iliyo miongoni mwa waasisi wa roki ya progresivu nchini Uingereza, karibu wote huanza na In the Court of the Crimson King ya Oktoba 1969. Nafasi hiyo haina ubishi. Melotroni, kinanda ambacho kila kibonye chake huvuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa, ilikuwa ala yenye visirani. Mikononi mwa Ian McDonald ikawa na uzito wa okestra nzima.

Ubishi huanzia nafasi ya pili. Desemba 1969, baada ya ziara ya Marekani, McDonald na mpiga ngoma Michael Giles walijitoa. Mwimbaji Greg Lake naye hakukawia kuondoka. Robert Fripp, mpiga gita, akabaki na mtunzi wa mashairi Peter Sinfield, na jina. In the Wake of Poseidon (1970) ilirekodiwa katikati ya mtawanyiko huo, Giles na Lake wakisaidia, nayo inafuata nyayo za iliyotangulia karibu hatua kwa hatua: mwanzo mkali, kisha utulivu, kisha melotroni kufunika kila kitu. Wanunuzi hawakulalamika. Ilifika nafasi ya 4 katika chati za Uingereza, ilhali ya kwanza iliishia ya 5. Hata hivyo ndiyo inayostahili mkia, kwa kuwa inamlilia aliyeondoka kwa sauti yake mwenyewe. Kinachonusurika ni piano ya Keith Tippett katika “Cat Food”, inayorukaruka kama kuku aliyeingia jikoni.

Lizard, ya Desemba mwaka huohuo, ni ya tatu. Ina ujasiri, ina wapuliza ala wa jazi, ina hata Jon Anderson aliyeazimwa kutoka Yes. Lakini vyakula ni vingi mno kwenye sinia moja.

Ya pili ni Islands (1971), ingawa wengi huitupa chini. Ilitoka kwenye upungufu: bendi ilipokosa mpiga besi, Fripp alimfundisha mwimbaji wake, Boz Burrell, kulipiga gita hilo. Pale ilipohitajika besi kubwa ya kusimama aliitwa Harry Miller, mwanajazi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi London. Katika wimbo wa mwisho, koneti ya Mark Charig inapanda polepole, bila haraka ya kumpendeza yeyote. Hapa hakuna anayejaribu kuirudisha 1969. Muziki umekubali kwamba wale wameondoka, na ukapata nafasi ya kupumua.

Baada ya santuri hiyo Fripp alimtaka Sinfield naye aondoke. Kati ya watu watano walioianza safari ya 1969, akabaki peke yake.