Bastola ya upanga

Bastola ya upanga ni silaha ya mkononi inayounganisha mtutu wa bastola na upanga, kisu au jambia kwenye mpini mmoja. Ilianza kutengenezwa Ulaya katika karne ya 16, ikavuma mara ya mwisho katika karne ya 19, na leo huonekana zaidi kwenye makumbusho na katika nakala za mapambo.

Chanzo chake ni udhaifu wa bastola za zamani. Ya gumegume ilitoa risasi moja tu. Kuipata ya pili kulimlazimu mtu amimine baruti mtutuni, ashindilie risasi kwa mdeki, atie baruti nyingine kidogo kwenye kisahani, kisha alenge upya, na adui keshafika. Baruti ikiloa, hata hiyo moja haitoki. Upanga uliwekwa kwa ajili ya saa hiyo.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ule wa George Elgin, aliyepewa hataza nchini Marekani mwaka 1837. Jeshi la majini la nchi hiyo lilinunua 150 kutoka kwa C. B. Allen wa Springfield, Massachusetts, kwa msafara wa Charles Wilkes uliong'oa nanga mwaka 1838 kwenda Bahari ya Pasifiki. Ni bastola ya fataki, mtutu wake una urefu wa sentimita 13 hivi, na chini ya mtutu huo umefungwa upanga mpana wenye urefu wa sentimita 28. Ukiishika unaona kasoro mara moja: uzito wote uko mbele, mkono unalemewa kabla ya kulenga, na umbo la mpini ni la kufyatulia, si la kukatia. Tena Samuel Colt alikuwa amepata hataza ya bastola yenye silinda ya kuzunguka mwaka 1836. Bastola inayofyatua risasi tano mfululizo haikuhitaji upanga.

Wengine walijaribu kwa njia zao. Mafundi wa India waliweka mitutu miwili pembeni mwa katari, lile jambia la kudungia. Unwin & Rodgers wa Sheffield waliuza visu vya kukunja vyenye mtutu mdogo, na ndani ya mpini walificha kalibu ya kusubia risasi: kazi ya ufundi wa kupendeza kuliko zote za aina hii. Louis Dolne wa Liège alitoa bastola isiyo na mtutu, yenye kisu cha kukunja na mpini wa pete za ngumi.

Nchini Kenya, katika nyanda za Moi's Bridge, kati ya Eldoret na Kitale, silaha hii ilikuwa imepitwa na wakati kabla bunduki hazijaenea. Katika vita vya Wanandi na Waingereza, vilivyoendelea kwa vipindi kuanzia 1895 hadi 1906, mkuki na simi vilikabili bunduki za kawaida na za rashasha za Maxim. Kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Makaburu wa Jan van Rensburg walipoingia Uasin Gishu mwaka 1908, bunduki za risasi nyingi zilikuwa jambo la kawaida. Muungano wa bunduki na makali uliodumu katika eneo hili ni singe ya askari.

Nakala ziko za namna mbili: zinazofyatua baruti kweli, na za mapambo, kama za kampuni ya Denix ya Hispania. Nyingi za mapambo husubiwa kwa aloi ya zinki, hivyo sumaku hainasi kwenye mwili wake, na mshono wa kalibu huonekana ukipitisha kidole chini ya mtutu. Chuma cha zamani hunasa sumaku na huwa na alama za tupa. Bastola halisi za Liège hubeba muhuri wa herufi ELG. Cha kuogopwa zaidi ni bastola ya kale iliyochomelewa kisu cha juzi, kwa kuwa mtutu wake ni halisi na muhuri ni halisi; kagua pale vinapoungana.

Hata nakala inaguswa na sheria: nchini Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamtia hatiani anayetumia bunduki bandia kwa nia ya uhalifu, hata kama haiwezi kutoa risasi.